Mwiza Alifungua Mdomo

Wiki tatu zimepita tangu tumzike mama mkwe wangu, NyaMhango. Waliokuja kuhani waliniambia nimefiwa na mama, nami niliitikia. Nilipika, nilichota maji, nililala chini mkekani na wanawake wengine mpaka siku za msiba zikaisha, na kila aliyenitazama aliona mkwe anayelia sawasawa. Nililia kweli. Lakini kuna jambo sikulisema msibani. Sasa nyumba imetulia, nimechukua daftari la binti yangu Mwiza lililobaki na kurasa, niliandike kabla sijaanza kulisahau au kulipamba.

Nianze na Lusungu, maana bila yeye mengine hayaeleweki.

Lusungu alikuwa mwanangu wa kwanza. Alizaliwa mwishoni mwa Septemba, ardhi imepasuka kwa jua, na siku niliyotoka naye zahanati Mama, ndivyo nilivyomwita mkwe wangu, alikuwa amekwisha kuloweka mizizi. Maji yake, dawa ya kumkinga mtoto, tunayaita mzuwula, na sijui mtoto wa kwetu aliyekua bila kuyanywa. Mimi niliyanywa, mume wangu Khumbo aliyanywa. Mama alishika kikombe cha kibuyu, mimi nikashika kichwa cha mtoto. Mtoto alipofika miezi miwili akaanza kumpa uji mwepesi, kijiko kimoja, kisha viwili, ili mtoto azoee na mimi nikienda kupalilia asiniite. Sikuulizwa, na sikutegemea kuulizwa. Mtoto wa mwanawe alikuwa wake kwanza, ndipo awe wangu.

Mwezi wa Februari Lusungu alianza kuhara. Mto wa Rukuru ulikuwa umejaa na mtumbwi haukuvusha watu kwa siku mbili. Siku ya nne tulivuka. Nilikuwa nimembeba mgongoni, na zahanati tuliiona tayari, bati lake liking'aa juu ya mwinuko, nilipohisi uzito wake umebadilika. Sikumwambia Khumbo aliyekuwa mbele yangu. Nilitembea mpaka mlangoni.

Muuguzi, binti mdogo mwenye miwani, aliniuliza mtoto alikuwa anakula nini. Nikamwambia. Hakunilaumu. Alisema taratibu, "Wakati wa mvua maji ya kisima yanachafuka, mama. Tumbo la miezi minne haliyawezi. Ziwa peke yake lingemtosha mpaka miezi sita." Kisha akaandika kitu kwenye kadi na kunirudishia, kana kwamba ningeihitaji tena.

Maneno yale nilimweleza Mama wiki ya pili ya msiba wa Lusungu, nimepiga magoti, macho chini. Sikutaka kumshtaki. Mkono ulioshika kikombe ulikuwa wake, na mkono ulioshika kichwa ulikuwa wangu. Nilitaka tu mzigo ule tuubebe wawili.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kile kikombe cha kibuyu. Akakiweka juu ya jiwe la kusagia, akakiponda kwa mchi mpaka kikawa unga.

"NyaKumwenda," akaniita, maana kwetu mke huitwa kwa ukoo wa baba yake hata azeeke kwa mumewe. "Nikimtia mtoto wako kitu mdomoni kabla wewe hujaniambia, mikono hii ikauke. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi inuka. Magoti yako yameota sugu."

Tulicheka, katikati ya msiba, tukalia, tukacheka tena. Kuanzia siku ile nilimpenda. Kabla ya hapo nilikuwa namwogopa tu, kama mkwe yeyote.

Mwaka uliofuata nilijiunga na kikundi cha wanawake kinachofundisha ulishaji wa watoto. Tulikuwa kumi na wawili. Tulipita vijiji vya jirani na sufuria yetu, tukipika mbele ya watu na kueleza: ziwa tu miezi sita, hata maji hapana, kisha uji mzito, karanga, soya, yai, dagaa waliosagwa, na ziwa liendelee. Mwenzangu wa karibu alikuwa NyaLuhanga, jirani yangu. Ua wa matete tu ulitutenganisha, na hata huo tulikuwa tumeutoboa ili tusizunguke. Mimi nilieleza, yeye alichekesha. Nakumbuka bibi mmoja alisimama akasema kwa hasira, "Sisi tulilishwa uji siku ya saba na tukawa hivi!"

NyaLuhanga akamkagua kutoka kichwani hadi miguuni. "Hivi vipi, bibi? Meno mawili na mgongo kama mundu? Ungenyonya ungekuwa askari!"

Bibi mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Nilimwamini NyaLuhanga kama ninavyouamini mkono wangu wa kushoto, ambao siutazami ninapofanya kazi.

Mwiza alizaliwa Oktoba, mwaka wa tatu baada ya Lusungu kuondoka. Shangazi yake Khumbo alikuja siku ya tano na kifurushi cha mizizi kwapani. Mama alimkuta uani.

"Hicho nini?"

"Unakijua. Nimemletea mjukuu."

"Kirudishe."

"NyaMhango! Umerogwa na mkweo?"

"Nimerogwa, tena sitaki kuaguliwa. Nenda salama, msalimie shemeji."

Mimi nilikuwa ndani, mtoto kifuani, nasikia kila neno. Nilifikiri, huyu mtoto ana ukuta. Nilimshukuru Mungu kwa ukuta ule.

Ikaja Desemba, mvua, palizi. Shamba letu liko ng'ambo ya kijito, mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na mzigo. Tulikubaliana hivi: mimi natoka alfajiri baada ya kumnyonyesha Mwiza, saa nne Mama ananiletea shambani, namnyonyesha, wanarudi, na saa saba niko nyumbani. Mwezi mzima tulikwenda hivyo. Saa nne ikikaribia nilikuwa nasikia kilio cha Mwiza kutoka kijitoni kabla sijawaona, na maziwa yalianza kutoka yenyewe.

Januari kilio kikakoma. Mwiza alifika amelala, au akiwa macho, anatabasamu, anavuta mara tano sita, kisha anageuza uso kutazama ndege. Matiti yangu yalijaa mpaka yakauma kama majipu. Nilikuwa nikienda nyuma ya matuta ya mahindi nayakamua maziwa udongoni, nikiona uchungu kuyamwaga, nikijiambia kwamba mtoto anakua, mtoto anapenda kuchezacheza.

"Ameshiba usingizi," Mama alisema.

"Mtoto wako ana adabu kama katibu wa kanisa," alisema NyaLuhanga, ambaye shamba lake limepakana na letu. "Wa kwangu angekula ziwa na kifungo cha blauzi."

Aliyasema akiwa ameinama juu ya jembe. Wakati ule sikuona ajabu. Mtu anayepalilia huinama.

Siku ya kupima uzito muuguzi alimtundika Mwiza kwenye mzani ndani ya ile suruali ya kitambaa, akatazama, akaandika, akainua kadi juu kila mtu aone mstari unavyopanda. "Ziwa tu!" akasema. "Mnaona? Ziwa tu, na mama analima kama nyinyi." Wanawake wakapiga makofi. NyaLuhanga akapiga kigelegele. Nilimtafuta Mama katika kundi, nikamwona anapiga makofi pia, polepole, akitazama mikono yake.

Niliposimama kuzungumza siku ile nilisema, "Mwanangu hajaonja hata tone la maji." Nilirudia katika vijiji vitatu.

Kikundi chetu kina desturi. Mtoto wa mwanakikundi akitimiza miezi sita, wote tunakusanyika kwake kwa uji wa kwanza. Kila mmoja analeta kitu, na mama wa mtoto ndiye anayepika na kulisha mbele ya watu, ili wageni walioalikwa wajifunze kwa macho. Zamu ya Mwiza ilifika mwezi wa Aprili, tulipokuwa tunang'oa karanga. Walikuja wote, pamoja na kina mama vijana saba kutoka vijiji vingine, na shangazi yake Khumbo ambaye hakualikwa. Khumbo aliacha kazi kwenye banda la tumbaku akaja kusimama pembeni na kofia mkononi. Mama alikaa karibu na jiko, akisukuma kuni.

Nilipika unga wa mahindi uliochanganywa na soya. Nikatia karanga zilizotwangwa, chumvi kiasi cha ncha ya vidole, mwisho kiini cha yai. Nikainua kijiko na kukigeuza. Uji ukabaki umeshikilia.

"Unaotiririka ni maji," nikasema. "Uji wa mtoto unakaa kijikoni."

"Kama mwanamume aliyekaribishwa pombe," akasema NyaLuhanga. "Hashuki!"

Watu wakacheka. Nikampakata Mwiza. Nilikuwa nimemvisha gauni la njano alilolishona Mama mwenyewe. Nikawaambia wale kina mama vijana sehemu ambayo huwa naipenda kuieleza kuliko zote.

"Sasa mtazame ulimi. Mtoto huyu anajua ziwa tu. Ulimi wake umezoea kusukuma mbele. Nikitia uji atautoa nje, utamwagika kidevuni. Atakunja uso kama aliyelishwa majivu. Msiseme amekataa. Hajakataa, hajui. Itachukua siku, labda wiki. Mnarudia, taratibu, bila kumlazimisha. Mmeelewa?"

"Tumeelewa."

Nikachota kidogo, nusu ya kijiko. Nikakileta.

Mwiza alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Alifungua wazi, akainua kidevu, akaegemea mbele. Midomo yake ilifunga juu ya kijiko na kukisafisha. Akameza. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuuvuta kwenye bakuli.

Mama kijana mmoja, mgeni, asiyejua chochote, akapaza sauti kwa furaha, "Haya, mwalimu! Huyu mwenyeji kabisa!"

Vicheko vikapasuka kutoka upande wa wageni. Upande wa kikundi chetu hakucheka mtu. Niliinua macho nikawapitia mmoja mmoja, wenzangu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa anafunga kitenge upya. Mwingine ameona kitu kwenye ukucha wake. NyaLuhanga, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa anatazama ua wa matete. Shangazi yake Khumbo alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Wote walijua. Nilikuwa peke yangu katika ua wangu mwenyewe.

Sikumtazama Mama. Nilichota kijiko cha pili, mkono umenyooka, nikasema, "Wengine hujifunza haraka." Nikamlisha mpaka akashiba. Nikaeleza kuhusu kuosha mikono, nikaeleza kwamba uji wa asubuhi usiwekwe mpaka jioni. Nikajibu maswali. Nikawasindikiza wageni mpaka njiapanda, nikawashukuru kila mmoja kwa jina la ukoo wake.

Niliporudi, Mama alikuwa bado karibu na jiko. NyaLuhanga alikuwa anaosha vyombo. Khumbo amekaa kizingitini, Mwiza mapajani pake.

Mkwe hazungumzi na mama mkwe akiwa wima. Tangu niolewe sikuwahi kumwambia NyaMhango hata "maji yapo" bila kupiga goti. Siku ile nilimuuliza nikiwa nimesimama, na yeye ameketi.

"Tangu lini?"

Hakujifanya kutoelewa. Namshukuru kwa hilo.

"Tangu wakati wa palizi. Baada ya mwaka mpya."

"Kila siku?"

"Siku ulizokwenda shamba."

"Nilikwenda kila siku, Mama."

"Basi kila siku."

"Ulimpa nini?"

"Uji. Mwepesi. Na maji, kidogo, kwa joto."

Nilihesabu. Alikuwa hajatimiza hata miezi mitatu. Mdogo kuliko Lusungu alipokufa.

"Jiko letu huwa baridi nikirudi. Ulipika wapi?"

Mama akasukuma ukuni jikoni. Sauti ya vyombo nyuma yangu ikakoma. NyaLuhanga akasema, "Kwangu, NyaKumwenda. Alipikia kwangu."

Nikageuka. Povu lilikuwa limemfika viwikoni.

"Unga?"

"Wangu."

"Ulinisikia nikisimama Januari, Februari, Machi. Nikiapa. Ulikuwa pembeni yangu umeshika mwiko."

"Nilisikia."

"Ukapiga kigelegele."

"Ningefanya nini, dada? Alikuja kwangu analia, mzee kama yule, mtoto mgongoni analia. Wawili wanalia! Akaniomba sufuria. Nimnyime mama yako sufuria?"

"Ungeniambia."

"Ungesema nini?"

"Ungeniambia, NyaLuhanga! Shamba langu na lako yanatenganishwa na tuta moja!"

Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nilidhani unajua," akasema, kwa sauti ndogo. "Mwanzoni. Nilidhani unajua, unajifanya tu, kama sisi wengine. Unafikiri wa kwangu alikaa miezi sita? Unafikiri wa nani alikaa?"

Hilo sikuwa nimelitegemea. Nilisimama nikifikiria vile vijiji, zile sufuria, yale makofi. Nilikuwa nimewafundisha watu kuniambia ninachotaka kusikia.

Nikamtazama mume wangu. Sikuuliza. Alinijibu akiitazama kofia yake.

"Nilimkuta siku moja," akasema Khumbo. "Mwezi wa pili. Nilipitia kwa NyaLuhanga kuazima shoka. Mama akaniomba nisiseme."

"Ukakubali."

"Mtoto alikuwa ananenepa. Nikaona, nikisema, nyumba itawaka moto bure."

"Ulichimba kaburi la Lusungu kwa mikono yako."

"Najua nilichochimba," akasema, akanyanyuka, akamweka Mwiza chini mkekani na kwenda zake bandani. Mambo yake yote makubwa huyapeleka kwenye banda la tumbaku.

NyaLuhanga alitoka kupitia tundu la uani. Tukabaki mimi na Mama, na Mwiza kati yetu akichezea maganda ya karanga.

Nilitegemea angesema mtoto alikuwa analia njaa. Nilitegemea angesema hivyo ndivyo walivyolelewa wote. Kwa maneno hayo nilikuwa na majibu; nimeyajibu mara mia mbele ya watu. Nilimwambia, "Ulivunja kikombe mbele yangu. Uliapia mikono yako. Sikukuapisha, Mama, uliapa mwenyewe."

"Niliapa."

"Ulinidanganya siku ile?"

"Hapana. Siku ile niliapa kwa moyo." Alikuwa anavunja kijiti vipande vidogo vidogo. "Miezi ya kwanza nilishika. Shangazi nilimfukuza, ulisikia. Lakini NyaKumwenda, wewe ukienda shamba ulikuwa unaniacha na mtoto huyu, na mimi nilikuwa namtazama anavyokua bila kikombe changu, bila uji wangu. Kila siku mzima. Kila siku ana nguvu. Na kila siku nilikuwa najiambia, kumbe ni kweli. Kumbe ni mimi."

Mwiza akatia ganda mdomoni. Nikaliondoa.

"Kumbe ni mimi niliyemuua Lusungu. Nililea saba kwa mikono hii. Saba! Mmoja huyo Khumbo wako. Wote walikula uji, wote wakakua. Ikawa siwezi kulala, siwezi kula. Nikasema, nitampa kidogo. Kama uji ndio sumu, nitaona mapema, nitaacha. Kama akiishi..." Akainua uso. Macho yake yalikuwa makavu, na yalikuwa yananiomba. "Na ameishi. Mtazame. Amekula miezi mitatu na ameishi, mstari umepanda, muuguzi kauonyesha. Basi si mimi. Si ndiyo? Wewe umesoma, unafundisha watu. Niambie basi. Sema si mimi niliyemuua."

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililoniuma kupita yote, kwamba nilimwelewa vizuri kabisa. Mtu huyu hakusahau Lusungu. Alimlilia kuliko sisi sote, na kwa kumlilia alimchukua mtoto wangu wa pili akamtumia kama mtu anavyotia mguu mtoni kupima kina. Angekuta kina kirefu, aliyezama asingekuwa yeye.

Nilikuwa na maneno ya kumpa. Ningeweza kusema, hakuna ajuaye, Mama. Ilikuwa kweli. Muuguzi mwenyewe hakusema ni uji, alisema maji ya kisima, na maji yale tuliyanywa sote. Kuna watoto wanakula mapema na wanaishi, na kuna wanaokufa, na huwezi kumjua mtoto wako yumo kundi gani mpaka iwe imekwisha. Ningeweza hata kumkumbusha kwamba kichwa cha Lusungu nilikishika mimi. Ilikuwa sentensi moja tu.

Nikainama, nikamchukua Mwiza, nikaingia ndani.

Asubuhi yake nilipotoka Mama alikuwa amekwisha kutandika kitenge chake kizingitini, kile cha kumfungia mtoto, kama kila siku. Nilipita mbele yake na Mwiza mgongoni, jembe begani, na bakuli la uji nimelifunga kwenye kitambaa. Alisema, "Jua litampiga huko." Nikamwambia, "Kuna kivuli." Nikapiga goti, kwa sababu ilikuwa asubuhi na yeye ni mama wa mume wangu, kisha nikaenda. Niliporudi kitenge kilikuwa kimekunjwa.

Nilimbeba hivyo msimu mzima na uliofuata. Mgongo wangu haujapona hadi leo. Tundu la ua niliziba mwenyewe kwa matete mapya. NyaLuhanga alikuwa upande wa pili, anasikia. Tulirudi kusalimiana baada ya mavuno, na sasa tunaazimana chumvi, lakini tunazunguka kwa njia ya mbele. Kikundini nilirudi baada ya miezi miwili. Nilifundisha yale yale, kwa sababu yalikuwa kweli na bado ni kweli. Niliacha tu kusema "mwanangu". Na nilianza kuwauliza bibi zao kwanza, kabla ya mama, wanaogopa nini. Wengine walinijibu.

Khumbo aliniomba radhi siku moja tukifunga tumbaku. Nilimsamehe, au nilichoka, sijui tofauti yake.

Mama hakuniomba tena lile neno. Mara mbili tatu nilimwona analikaribia. Ananitazama tukiwa tunachambua maharage, anavuta pumzi, kisha anauliza kama kuku wamerudi. Mwiza alipoanza kutembea alikwenda mwenyewe kwa bibi yake, na sikumzuia, maana mtoto anayetembea anakula chochote popote. Walipendana sana wale wawili. Mimi nilimpikia Mama, nilimfulia, nilimpeleka zahanati miguu ilipovimba. Nilimpigia goti kila asubuhi kwa miaka saba. Neno lile sikumpa. Hata siku za mwisho, alipokuwa hajui tena mwezi wala mwaka na ananiita kwa jina la dada yake, niliketi pembeni ya kitanda nikiwa nalo mdomoni, nikijiambia kesho. Sikuwa nimekusudia kumtesa. Nilikuwa bado nimesimama pale pale karibu na jiko, nasubiri yeye anipe langu kwanza, na sikujua langu ni lipi.

Msibani wanawake walisema, "Alikulelea mtoto." Nikasema ndiyo.

Jana Mwiza alinikuta naandika katika daftari lake. Nilidhani atalalamika. Akakaa karibu yangu, akaniuliza, "Mama, ni kweli bibi ndiye aliyenilisha uji wa kwanza? NyaLuhanga amesema wakati wa msiba. Amesema nilikuwa mlafi."

"Ni kweli."

"Nilikuwa mkubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono, hivi.

"Nililia?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Sikuwapo."